Supu ya Bure, Wingu la Bure

Nimekaa kimya karibu miezi miwili, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehamia Nairobi. Sijahama. Niko Nakuru, bado naandika programu za watu wa stoo na wa shule kwa pesa isiyolingana na kelele zao. Kilichoninyamazisha ni aibu, na aibu yenyewe inatokana na neno moja nililolitamka mwaka 2021 mbele ya kikundi cha mama yangu.

"Ni bure," niliwaambia. "Milele."

Ngoja nianze mwanzo. Mama ni mwanachama wa kikundi cha watu 43 upande wa Njoro, wengi wao watoto na wajukuu wa watu walionunua shamba kwa pamoja baada ya Uhuru, enzi zile mashamba ya walowezi yalipokuwa yakinunuliwa kupitia makampuni na vyama vya ushirika huku Bonde la Ufa. Aliyezaliwa huku anaijua hadithi. Babu alinunua hisa, akapewa cheti, akapiga kura kuokota namba ya ploti, akajenga, akazeeka, akafa, na hati miliki bado haijatoka. Kilichobaki mkononi ni stakabadhi za karatasi nyembamba zenye mihuri iliyofifia. Kwa familia kama hizo, karatasi ndiyo ardhi yenyewe.

Mwisho wa Januari 2008 nilikuwa na miaka kumi. Vita vya baada ya uchaguzi vilipofika Nakuru, tulilala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine. Nyumba iliungua, na ndani yake sanduku la bati la babu. Mama alihangaika miaka mingi kupata nakala za stakabadhi mbili tu. Kwa hiyo nilipomaliza digrii yangu ya sayansi ya kompyuta pale Egerton, hakuniomba nimtengenezee tovuti kama mama za wenzangu walivyoomba. Aliniuliza swali moja: "Kuna mahali pa kuweka karatasi pasipoungua?"

Na kuna jingine alilolisema kwa sauti ya chini. Karatasi hizo zikikusanywa pamoja zinakuwa orodha: majina kamili ya watu 43, namba za vitambulisho, namba za ploti, nani anakaa wapi na jirani yake ni nani. Huku kwetu orodha kama hiyo haiachwi ikazagaa. Asiyejua kwa nini, hakuwa hapa 2008.

Basi nikatafuta huduma ya wingu inayofumba faili. Kwa wale wasiofahamu: kwenye huduma za kawaida faili yako inasafiri hadi kwenye seva ya kampuni na kampuni ina ufunguo wa kuifungua. Kwenye hizi za faragha, faili inafumbwa ndani ya simu au kompyuta yako kabla haijaondoka, na ufunguo unabaki kwako. Wao wanatunza rundo la herufi zisizosomeka. Wazee husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, lakini hili hata mwerevu wa kampuni yenyewe haligangui. Nilipata moja iliyotoa nafasi tele bila malipo. Sitaitaja jina, kwa sababu kosa lilikuwa langu zaidi ya lao. Tukapiga picha kila karatasi, tukapakia. Halafu tukafanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa bora zaidi nililowahi kufanya na simu: tukawachukua wazee wanne tukazunguka nao mipaka, wakieleza jiwe hili liliwekwa na nani, mti ule ulikatwa lini, kijito kilihama wapi. Tuliwarekodi saa kadhaa. Jumla, GB 7 hivi.

Mwaka huu kampuni ilipunguza nafasi ya bure. Aliyezidi kiwango kipya alipewa siku 60 apunguze au alipe, la sivyo akaunti inafungwa na vilivyomo vinafutwa. Onyo lilitumwa mara tatu kwenye anwani ya kikundi. Anwani hiyo ilikuwa kwenye simu ya katibu, na katibu alikuwa amekwenda Doha kufanya kazi, na simu mpya, na laini mpya. Nilipogundua, siku zilikuwa zimepita kumi na moja. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu kwamba faili hazipo tena, na hata zingekuwepo, ufunguo wao hawana. Ndivyo nilivyowataka wawe, si ndiyo?

Picha za karatasi nyingi nilikuwa nazo kwenye kipakatalishi changu cha zamani. Sauti za wazee sikuwa nazo. Nilikuwa nimezifuta ili nipate nafasi, kwa kuwa "ziko kwenye wingu". Wawili kati ya wale wazee wanne wameshafariki.

Sasa, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mtu mwenye digrii yangu alipaswa kujiuliza kabla ya kufungua mdomo: huduma inayokataa kuchungulia vitu vyako, na isiyokutoza hata senti, inakula nini?

Jibu la kwanza nililipata nikikumbuka kibanda. Nikiwa mwanafunzi Njoro tulikuwa na mama mmoja aliyeuza chapati shilingi kumi, supu ya maharagwe bure. Si maharagwe, jamani, supu. Ukipata punje mbili ndani ushukuru. Wenye pesa walinunua madondo yenyewe. Sufuria ni ile ile: maharagwe yakichemka supu inapatikana tu, kwa hiyo aliyenunua madondo alikuwa ameshanilipia supu bila kujua, na mimi siku nikipata pesa ya mkopo wa HELB nilijua nitanunua madondo kwa nani. Muhula mmoja akaja jirani na kibanda kipya kilichopakwa rangi, akatoa maharagwe kamili bure kwa kila anayenunua chapati. Tulihama sote, bila aibu. Kibanda kile hakikumaliza muhula. Tukarudi kwa mama tukiangalia chini, naye hakusema kitu, akatupakulia supu.

Jibu la pili lilihitaji kalamu. Mwaka 2023 Backblaze, kampuni ya Marekani inayokodisha hifadhi, ilipandisha bei kutoka dola 5 hadi dola 6 kwa terabaiti moja kwa mwezi. Tuichukue dola 6 kama kipimo. GB 10 za bure zikijaa zinagharimu senti 6 za dola kwa mwezi, yaani kama shilingi nane za Kenya. Si kitu! Tuseme una watumiaji 100: 97 wa bure, 3 wanaolipa dola 4 kila mmoja. (Hizi ni namba za mfano, nimezikisia mwenyewe.) Wale 97 wakijaza pomoni ni GB 970, karibu dola 6. Watatu wanaolipa nao wana vitu vyao, tuseme GB 200 kila mmoja, dola 3 na senti 60. Mapato ni dola 12. Umebaki na dola 2 na senti 40 kwa kila watumiaji mia moja.

Nilipofika hapo nikafurahi, nikaona wanaweza. Kisha nikakumbuka kwamba hiyo dola 2.40 ndiyo inayomlipa mhandisi. Mhandisi mmoja wa dola 5,000 kwa mwezi, ambaye kwa Ulaya si wa bei ghali, anahitaji watumiaji zaidi ya laki mbili nyuma yake. Sasa punguza zawadi kutoka GB 10 hadi GB 1, usibadilishe kingine chochote. Watumiaji wanaohitajika kumlipa yule yule wanashuka hadi kama elfu sitini na nne. Sasa naelewa kwa nini Tuta, kampuni ya barua pepe za faragha ya Ujerumani, inatoa GB 1 tu bure. Zamani nilikuwa nawaona bahili.

Na kuna mambo ambayo kalamu yangu haikuyahesabu. Huduma ya kawaida ikipokea wimbo ule ule kutoka kwa watu elfu kumi, inatambua ni kitu kimoja, inatunza nakala moja na kuwaandikia wote elfu kumi kwamba wanayo. Faili zikifumbwa kila moja kwa ufunguo wake, wimbo ule ule unaonekana kama vitu elfu kumi tofauti, na inabidi vyote vitunzwe. Matangazo nayo? Google ilikuwa ikisoma barua za Gmail kwa mashine ili ilenge matangazo, hadi ilipoacha mwaka 2017. Anayefumba hawezi hata akitaka. Ongeza wezi, matapeli na watuma taka, ambao hupenda sana mahali pa bure pasipochunguliwa, na mtu wa kuwafukuza anataka mshahara pia. Yaani ahadi ile ile ya faragha inayofanya huduma iwe nzuri ndiyo inayoziba kila mlango mwingine wa mapato. Unabaki mlango mmoja tu: wale watatu wa madondo.

Hata anayeona ndani huchoka. Google Photos ilipokea picha bila kikomo kuanzia 2015, na Juni 1, 2021 ikafunga bomba. Za faragha zimepita njia hiyo hiyo, nyingine kwa upole, nyingine kwa kishindo. MEGA ya New Zealand ilifunguliwa Januari 2013 ikitoa GB 50 bure, dunia nzima ikashtuka. Leo mpango wao wa bure ni GB 20, na bado wapo. Wuala ya Uswisi, iliyozaliwa kwenye chuo kikuu cha ETH Zurich na kununuliwa na LaCie, watengenezaji wa diski (diski walikuwa nazo, huwezi kusema walikosa diski!), iliondoa hifadhi ya bure mwisho wa 2014. Mwaka uliofuata ikafungwa kabisa.

Inayonifikirisha zaidi ni Skiff. Barua pepe, nyaraka, hifadhi, vyote vimefumbwa, GB 10 bure, sura nzuri, wawekezaji wakubwa wakiwemo Sequoia. Februari 2024 ikatangazwa kwamba imenunuliwa na Notion. Watumiaji wakapewa miezi sita wachukue vitu vyao, na Agosti mwaka huo taa zikazimwa. Kwa nilivyosoma mimi, zile GB 10 hazikuwa na hatia kubwa hapo. Mwekezaji alitia pesa ili siku moja kampuni iuzwe, ikauzwa. Zawadi ya bure ilikuwa gharama ya kuwakusanya watu, kama ile rangi ya kibanda kipya.

Sisi wa Nakuru tulishaona mchezo huu ukichezwa juu ya vichwa vyetu. Julai 2020 Loon, kampuni ndugu ya Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kurusha intaneti kutoka kwa maputo kama 35 yaliyoelea kilomita 20 hivi angani, na Nakuru ilikuwa kwenye ramani pamoja na Baringo, Iten, Eldoret na Narok. Haikuwa bure kwa mtumiaji, lakini puto lenyewe liliinuliwa na uvumilivu wa tajiri. Januari 2021 wakatangaza kwamba hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kufanya biashara idumu. Machi maputo yakaondoka. Hiyo ilikuwa miezi michache tu kabla ya mimi kusimama Njoro kusema milele. Kumbe nilikuwa na somo lililoning'inia angani nikashindwa kulisoma.

Je, hakuna za kudumu? Naona zipo, na zinafanana na mama wa supu. Proton ilianza 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, ikachangiwa na watu wa kawaida zaidi ya dola laki tano mwaka huo huo, na tangu Juni 2024 mwenye hisa kuu ni shirika lisilo la faida. Wanasema waziwazi kwamba wanaolipa ndio wanaowabeba wasiolipa. Hifadhi yao ya bure ni GB 5. Signal, ambayo pia inamilikiwa na shirika lisilo la faida, ilianzisha huduma ya nakala za akiba Septemba 2025: bure unapata maandishi yako hadi MB 100 na picha na video za siku 45 tu. Ukitaka zaidi, dola 1 na senti 99 kwa mwezi upate GB 100. Siku 45! Niliposoma nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana hiyo ni kampuni iliyopiga hesabu niliyoipiga mimi, ila wao waliipiga kabla ya kuahidi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba supu inadumu, maharagwe hayadumu. Mpango wa bure uliobana, unaokuudhi kidogo kila siku, una nafasi ya kuwepo miaka kumi ijayo. Ule unaokufanya useme "hawa watu wanapata faida gani?" una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo anaijua mtu ambaye hujawahi kukutana naye. Na hata supu ina masharti. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Tuta hufuta akaunti ya bure isiyofunguliwa kwa miezi sita, Proton huweza kuifuta baada ya mwaka mmoja. Jembe lenyewe ni jepesi, kuingia tu uonekane uko hai. Lakini katibu aliyeko Doha hakuingia.

Najua mtakachoniambia: sema tu tulipe. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo, kabla ya kujaribu kumlipisha mtu asiye programa. Bei ni za dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, miezi michache baadaye 129, na mama wa kikundi hawezi kupanga bajeti ya kitu kinachopanda na kushuka kama swara wa Hell's Gate. Kadi za benki wengi hawana. Tangu 2022 kuna kadi ya GlobalPay ndani ya M-PESA, hiyo imesaidia sana, ingawa lazima mtu akae akumbuke kuijaza kabla ya siku ya makato. Huku kwetu mpango wa bure ndio intaneti yenyewe kwa wengi. Mzungu akipunguziwa GB analalamika, anatoa kadi. Sisi tunapoteza sauti ya mzee.

Nilikwenda kwenye mkutano wao nikawaeleza yote, bila maneno ya kompyuta. Mwenyekiti aliniangalia muda mrefu. "Kijana wetu, ulisema milele." Nikasema ndiyo, nilisema. Wengine wakauliza kwa nini walipe kitu kilichokuwa bure, na kama nikipewa pesa wataipoteza tena. Haki yao. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sidhani amewahi kugusa kompyuta. Akasema: "Askari wa shamba tunamlipa kila mwezi. Huyu wa karatasi alikuwa analala wapi, anakula nini?"

Kimya. Halafu wakaanza kupiga hesabu wenyewe. Mpango wa dola 4 ni shilingi 516, kugawanya kwa 43 ni shilingi 12 kila mtu kwa mwezi. Mwenyekiti akataka uhakika kwamba bei haitapanda. Nikamwambia inaweza kupanda, na kwamba kampuni inaweza pia kuuzwa, kwa hiyo tutaweka nakala kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mwanachama anayekaa mbali, Gilgil, na fotokopi za karatasi kwenye bahasha. Neno la siri limeandikwa nusu kwa nusu, kila nusu imefungwa na kukabidhiwa mtu tofauti. Anwani ya barua pepe sasa iko kwenye simu tatu. Haya yote nilipaswa kuyafanya 2021, na hayakuhitaji digrii. Kwenye daftari la mweka hazina, chini ya chai na mandazi na fotokopi, pameandikwa "wingu, 516/=".

Lilibaki suala la wazee. Mmoja wa wale wawili waliobaki amekataa kurekodiwa tena. Anasema alishasema, na kama tumeyapoteza maneno yake si yeye aliyeyapoteza. Sikuwa na la kumjibu.

Wa pili alikubali. Jumamosi iliyopita tulizunguka naye polepole, yeye na fimbo yake, mimi na simu mbili zikirekodi kwa pamoja. Alikumbuka mengi kuliko nilivyotarajia, hata jina la mbwa wa mpimaji. Tulipofika pale chini kwenye kijito, ambapo ploti tano zinakutana, alisimama, akaangalia huku na huku, akagusa ardhi kwa fimbo mara mbili.

"Hapa," akasema, "alipajua yule mwenzangu."